Aliyeitikia Jina la Fundi

Asubuhi ya kutoka, Fundi aligawa vitu vyake. Blanketi alimpa mzee aliyelala pembeni yake, kijiko akampa mpishi, na kipande cha sabuni kikagombewa na watu watatu, maana hata gerezani kuna warithi. Miaka sita ya kushona sare za wafungwa wenzake ilikuwa imekwisha. Nje ya geti mama yake alikuwa ameshafika, amepakata nguo za kiraia.

Angefurahi kama si Karani.

Karani alikuwa mfungwa wa maisha, mpole, hana mbele wala nyuma. Hakuwahi kupata mgeni hata siku moja. Fundi hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo barua zote za mama yake alisomewa na Karani, na majibu akaandikiwa na yeye huyo huyo. "Mama yako nimeshamjua kama wangu," Karani alikuwa akimwambia, na Fundi akicheka.

Siku tatu kabla, nyapara wa selo alimkuta Karani akiandika, akaamini anamchongea kwa wakubwa kuhusu tumbaku anayouza kwa siri. Yeye na vijana wake wakamburuta bafuni mchana kweupe.

"Fundi, shika miguu," nyapara alisema kwa sauti ya chini. "Ukikataa, Jumatatu hutoki."

Fundi akashika. Akaing'ang'ania mpaka ikaacha kurusha mateke, kichwa cha Karani kikiwa ndani ya pipa la maji. Daftarini ikaandikwa kwamba mfungwa ameteleza akafa, na jina lake likapigwa mstari mwekundu. Ile barua, waliposomewa baadaye, ilikuwa ya kwenda kwa mama yake Fundi.

Sasa kengele ya hesabu ikalia. Wafungwa wakachuchumaa uwanjani, watano watano. Afande akapita akigusa vichwa. Alipofika mwisho akakunja uso, akarudia. Mara ya tatu jasho likamtoka.

"Kuna mtu amezidi," akasema. "Hatoki mtu hapa mpaka hesabu ikae sawa. Naita majina."

Kila aliyeitwa aliitikia, akakimbilia upande wa pili. Fundi alisubiri lake, roho mkononi. Likaitwa.

"Nipo, afande."

Si yeye aliyejibu. Sauti ilitoka nyuma yake, kama ya mtu anayesukutua. Mtu akainuka. Akampita. Nyayo zake ziliacha maji vumbini. Fundi alitaka kupiga kelele, ulimi ukagoma. Yule mtu akapewa karatasi. Akatia saini. Geti likafunguliwa. Kutoka nje ikasikika sauti aliyoijua Fundi tangu tumboni: "Mwanangu!"

Uwanjani akabaki mmoja, amechuchumaa.

"Na wewe nani?" afande akauliza.

Fundi akataja jina lake. Afande akacheka. "Huyo si katoka sasa hivi?" Akapekua daftari, akaukuta mstari mwekundu. "Kumbe mlimfuta mtu aliye hai! Karani, rudi selo."

Nyapara, aliyekuwa akicheka na wengine, akamtazama Fundi usoni. Ulikuwa uso wa Karani. Akajikojolea mbele ya watu wote.

Baada ya mwezi, siku ya wageni, Karani akaitwa kwa mara ya kwanza. Fundi alipofika kwenye wavu, upande wa pili alisimama mama yake, amekonda.

"Shikamoo mama. Ni mimi. Mwanao."

"Marahaba, baba." Alimwangalia kwa huruma ya mtu baki. "Mwanangu kanituma nikusalimie. Kasema wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia barua. Tangu arudi hali kitu. Anakunywa maji tu."

"Mama, nisikilize," Fundi akanong'ona. "Huyo uliye naye si mtu. Lile kovu la gotini nililipata siku niliyoangukia cherehani ya baba. Ukanifunga kwa mtandio wako wa njano. Tulikuwa wawili tu."

Mama akatabasamu, machozi yakimlengalenga. "Maskini. Kumbe alikueleza kila kitu."

Fundi akaung'ang'ania wavu akiita, "Mama! Mama usirudi nyumbani!" mpaka askari wawili wakaanza kumvuta. Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, akageuka kuondoka. Mgongoni mwa gauni lake, katikati ya mabega, palikuwa na alama ya kiganja. Ilikuwa mbichi, na maji yalikuwa bado yanachuruzika.