Kikohozi cha Duane

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Evodie alikuwa na kazi tatu: kuzoa majivu ya tanuri, kugeuza samaki waliolala juu ya waya, na kumwondoa Duane ubavuni mwa tanuri kabla hajaunguza mkia. Kazi ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu. Tanuri la mama yake, Mama Séraphine, lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa katikati, na ubavu wake mmoja ulibaki na joto mpaka mchana. Kwa paka, hapo palikuwa kitanda cha gavana.

Waliishi Kalemie, karibu na pale Mto Lukuga unapoliacha ziwa na kuanza safari yake. Samaki walitoka mitumbwini ndani ya mabeseni, na hakuna beseni lililovuka mlango wa Mama Séraphine bila yule paka wa kijivu kulizunguka, kulinusa na kuchukua haki yake. Ndiyo maana majirani walimwita Duane, jina la wakaguzi wa mizigo kule bandarini. Lakini alifanya kazi. Tangu aje, hakuna panya aliyetoboa gunia la ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Sasa Duane alikuwa anakohoa. Alichutama, akanyoosha shingo chini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, halafu khe, khe, khe, mbavu zikipanda na kushuka. Hakuna kilichotoka.

"Ni mwiba," alisema Mama Séraphine, naye akikohoa nyuma ya mkono wake. "Utashuka wenyewe."

Wiki ya tatu ikaingia, mwiba haujashuka. Mama akatuma ujumbe kwa Papa Bonaventure, daktari wa mifugo. Jibu likaja kwamba yuko Nyemba, anachanja mbuzi, atarudi Jumamosi.

"Mpaka arudi, usimpe paka kitu zaidi ya chakula chake," Mama alimwambia Evodie. "Hata kijiko cha mafuta. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alisikia kweli. Lakini pale mjini, mgonjwa haangaliwi kwa mikono mitupu. Anayekupenda anakuja na kitu cha kumeza: huyu majani, yule chupa, mwingine vidonge alivyobakiza mwaka jana. Mgonjwa anameza vyote na kushukuru. Evodie alimtazama Duane akikohoa, akaona kama yeye peke yake ndiye aliyemtembelea bila kubeba chochote.

Njiani kwenda shule alikutana na Didier, mtoto wa jirani yao Papa Valère mwenye duka.

"Evodie, paka wenu ameingia kwaya? Jana jioni nilimsikia akiimba besi."

"Anaumwa. Usimcheke."

"Basi chukua vitamini za Mama Bijou sokoni. Mimi nilikohoa mwezi mzima, nikapewa ule unga, nikapona. Unanionaje sasa?"

"Naona masikio makubwa."

"Hayo nilizaliwa nayo," alisema Didier.

Mchana, baada ya masomo, Evodie alipitia sokoni. Mama Bijou alikaa nyuma ya safu ya makopo ya maziwa yaliyojazwa unga wa kila rangi: wa damu, wa mgongo, wa kukumbuka masomo. Alikuwa akisali kikundi kimoja na Mama Séraphine, na alimpenda Evodie.

"Unga wa kikohozi? Ni kwa nani?"

Evodie alitazama vidole vyake vya miguu. "Kwa mtu wa nyumbani."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

"Basi kijiko kidogo, asubuhi na jioni. Chukua hili kopo, ni zawadi. Msalimie Mama, na huyo mdogo ale vizuri."

Jioni ile Evodie aliponda ndagala, akachanganya na unga. Duane alinusa, akageuza kichwa kama mkaguzi aliyeonyeshwa karatasi bandia. Evodie akaongeza kichwa cha samaki na mafuta yake. Duane akala. Kopo akalificha nyuma ya gunia la chumvi.

Siku ya pili na ya tatu alidhani kikohozi kimepungua. Kwa hiyo akajaza kijiko mpaka juu. Siku ya nne Duane alitapika. Siku ya tano wanawake walitoka ziwani na samaki, na mabeseni matatu yakavuka mlango bila kukaguliwa. Duane alilala kando ya tanuri, akafumbua jicho moja, akalifumba.

Papa Bonaventure alishuka kwenye pikipiki ya motari aliyemkodi Jumamosi asubuhi, vumbi la Nyemba bado liko kwenye nyusi zake. Alikuwa mtu mrefu asiye na haraka. Hakumgusa Duane. Alikaa juu ya kigoda, akamtazama tu, muda mrefu, mpaka Mama Séraphine akaanza kupapasa kitenge chake kwa wasiwasi.

"Papa, unafanya nini?" Evodie aliuliza.

"Nahesabu pumzi zake. Mbavu zikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Shika simu ya Mama, angalia dakika moja, hesabu na wewe."

Evodie alihesabu. Zikafika arobaini na sita.

"Mimi pia. Paka akitulia hivi, hazitakiwi kupita thelathini." Kisha akainua mdomo wa juu wa Duane kwa kidole gumba. "Sasa angalia fizi. Zinapaswa kuwa na rangi kama ndani ya mdomo wako."

Zilikuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Damu yake imepungua sana," alisema Papa Bonaventure. "Hicho si kikohozi peke yake. Amekula nini?"

"Samaki," Mama Séraphine alijibu. "Kitu kingine hapana."

Evodie alitazama gunia la chumvi.

"Kuna mtu anayetega sumu ya panya hapa karibu?"

Mama Séraphine aligeuka polepole, akautazama ukuta wa jirani. "Valère. Alinunua mwezi uliopita. Nilimwambia nina paka." Akakaza kitenge kiunoni. "Leo atanijua."

Kichwa cha Didier kikachomoza juu ya ukuta. Alikuwa anasikiliza tangu mwanzo. "Mama Séraphine, baba aliiweka ndani ya sanduku la kufuli. Nimeona mimi mwenyewe."

"Shuka hapo, mutoto. Nitaongea na baba yako, si na wewe."

"Mama, kaa kwanza," alisema Papa Bonaventure. "Ile sumu ina sindano yake, ninayo hapa. Kama ni hiyo, nitamchoma sasa hivi. Kama si hiyo, nitakuwa natibu ugonjwa ambao hana, na ule alio nao utaendelea na kazi yake."

Alifungua mfuko wake wa ngozi, akaanza kupanga vichupa. Kisha akavua ile mipira ya kusikilizia iliyokuwa shingoni mwake, akampa Evodie.

"Weka hizi masikioni. Hiki cha duara, hapa nyuma ya mguu wa mbele. Kaa naye nikitayarisha, asijione yuko peke yake."

Mwanzoni Evodie alisikia manyoya tu, yakikwaruza kama mtu anayefagia mbali. Akasogeza kidogo. Halafu akasikia.

Ilikuwa kama mvua ya kwanza juu ya bati, tone juu ya tone, bila nafasi katikati. Alijaribu kuhesabu, ulimi ukashindwa. Nyuma ya mvua hiyo kulikuwa na upepo mwembamba, ukiingia na kutoka kwa mluzi, kama hewa inayopita chini ya mlango. Dunia nzima ilikuwa ndani ya mbavu zile, na kwa nje ungeona tu paka aliyelala.

"Papa," alinong'ona, "ni mkubwa kiasi gani?"

"Moyo wake? Hauzidi ndimu changa. Lakini unapiga mara mia mbili na zaidi kwa dakika moja. Wako haufiki nusu ya hapo."

"Na haupumziki?"

"Tangu kabla hajazaliwa."

Evodie alibaki ameinama. Aliwaza siku zote Duane alizolala juani, alizoiba vichwa vya samaki, alizokaa mlangoni akijifanya mkubwa. Na siku zote hizo kitu hiki kidogo kilikuwa kinakimbia kwa ajili yake, na hakuna aliyejua.

"Leo unakimbia kuliko kawaida," Papa Bonaventure aliendelea, akinyanyua sindano kwenye mwanga. "Damu ikiwa kidogo, inabidi izungushwe haraka zaidi ili itoshe kila mahali. Kitu kilichoiharibu kinamchosha moyo."

Evodie alitoa mipira masikioni.

"Papa, usimchome. Si sumu ya panya. Ni mimi."

Alienda nyuma ya gunia la chumvi, akaleta kopo. Papa Bonaventure alifungua kifuniko, akanusa akiwa amefumba macho, akaonja kidogo kwenye ncha ya ulimi.

"Kitunguu saumu kilichokaushwa. Kingi. Na majani ambayo siyajui." Akarudisha sindano mfukoni. "Kwa mtu, hiki ni kiungo cha mchuzi. Kwa paka, kinapasua chembe nyekundu za damu, moja baada ya nyingine. Ulimpa kiasi gani?"

"Kijiko, asubuhi na jioni. Siku mbili za mwisho nilikijaza." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Nilimwambia Mama Bijou ni kwa mtu wa nyumbani."

Mama Séraphine alikaa chini juu ya gunia. Alimtazama binti yake, akatazama ukuta wa jirani.

"Kwa hiyo Bijou alidanganywa," alisema. "Na mimi nilikuwa naenda kumtukana Valère kwa kosa lililotoka ndani ya nyumba yangu. Ungeniacha niende, Evodie?"

Evodie alifuta uso kwa mkono, akamgeukia Papa Bonaventure.

"Duane atakufa?" alimuuliza.

"Sijui. Ungesema kesho, ningekuambia ndiyo. Umesema leo, kwa hiyo sijui, na hilo ni bora." Aligusa mguu mwembamba wa Duane. "Sina sindano ya kurudisha damu. Lakini yeye mwenyewe anajua kuitengeneza. Inatengenezwa humu, ndani ya mifupa. Hata sasa tunavyoongea, iko kazini. Sisi kazi yetu ni kutoiharibu tena."

Evodie alitazama ule mfupa, mwembamba kama kalamu yake ya shule, akashindwa kuondoa macho.

Papa Bonaventure akahamia pale Duane alipolala kila siku. Alijikunja, akashusha kichwa mpaka kimo cha paka. Upepo wa ziwani ukasukuma moshi wa tanuri, ukapita chini chini, ukamwingia puani. Akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Mama, mwiba wako nimeupata," alisema akifuta macho. "Ni huu moshi. Mapafu yake yamekasirika. Mpeni kitanda upande unakotoka upepo. Evodie, chukua daftari. Kila siku utaandika amekohoa mara ngapi, amepumua mara ngapi akilala, fizi zina rangi gani, na kila kilichoingia mdomoni mwake. Unga, mafuta, vitamini, hakuna. Siku nikimpa dawa, itakuwa moja tu, nayo utaiandika. Uso ukivimba, akijikuna sana au akitapika, unasimamisha na kuniita."

Mchana ule Evodie alienda mwenyewe sokoni kumwambia Mama Bijou ukweli. Mama Bijou akachukua kipande cha mkaa, akaandika juu ya kila kopo: *si kwa wanyama*. Papa Valère naye alisikiliza habari yote na kutikisa kichwa. Didier peke yake alidai fidia: aruhusiwe kuhesabu pumzi za Duane Jumapili.

Walihesabu. Siku tatu za kwanza hakuna aliyecheka nyumbani. Siku ya nne Duane alikunywa mchuzi. Siku ya saba fizi zilikuwa na rangi kidogo, kama maji yaliyooshewa kitambaa chekundu. Siku ya kumi na mbili beseni lilivuka mlango, na paka wa kijivu akainuka, akayumba hatua mbili, akalinusa. Mwanamke aliyelibeba akasimama bila kuambiwa, akasubiri akaguliwe.

Papa Bonaventure aliporudi, alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Vikohozi vilikuwa kumi na moja kwa siku, vikawa saba, vikawa vitatu.

"Huenda kimoja au viwili vikabaki siku zote," alisema. "Kikohozi kama hiki tunakichunga, kama mtu anavyochunga moto. Damu imerudi. Angalia mwenyewe."

Evodie aliinua mdomo wa Duane. Zilikuwa fizi za waridi, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuona.

"Sikiliza, binti yangu. Ulitaka kumsaidia, na kupenda si kosa. Lakini mnyama hana maneno ya kumwambia daktari. Maneno yake ni wewe. Ukificha, ni yeye aliyezibwa mdomo. Nimesoma miaka mingi, nina sindano na vichupa, na siku ile vyote vilikuwa bure mpaka uliposema."

"Ndiyo, Papa."

Nyuma yao Mama Séraphine aligeuza samaki juu ya waya. Moshi ukamzunguka uso, akainama, akakohoa, mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

Evodie alichukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa mpya. Upande mmoja akaandika *Duane*. Upande wa pili akaandika *Mama*, na chini yake akaweka alama tatu.

"Unaandika nini hapo? Mimi si paka," alisema Mama Séraphine.

"Lakini moshi ni ule ule, Mama."

Papa Bonaventure alichukua matambara mawili ya kushikia moto, akampa Mama moja. Alivua koti lake, akalitundika mlangoni, akashika pipa upande mmoja. Mama akalitazama daftari, akamtazama binti yake, halafu akashika upande wa pili. Wakalibeba tanuri mpaka ng'ambo ya uwanja, mahali upepo wa ziwani ungeuchukua moshi na kwenda nao. Duane akatembea nyuma yao polepole, akikagua njia.