Fungate ya Cherero

Alasiri moja ya mwaka 1992 Bi Sikudhani alikuwa uani kwake, Barabara ya Nane hapa Dodoma, akipepeta mchele na kusikiliza taarabu redioni. Nyumba ilikuwa shwari, tena shwari kupita kiasi, maana binti yao wa pekee, Lulu, alikuwa ameolewa Tabora mwezi uliopita, na tangu siku hiyo mama mtu alikuwa akizungumza na masufuria. Ndipo mumewe, Bwana Swalihu, akaingia na boksi la sabuni lililotobolewa matundu.

"Nimekuletea wa kuzungumza naye," akasema.

Ndani mlikuwa na cherero, wale kasuku wadogo tunaowajua sote: kichwa cheusi, mdomo mwekundu, shingo ya manjano, mgongo wa kijani. Swalihu alimpata stesheni ya Zuzu alikokwenda kupokea mzigo wa dukani. Wategaji walikuwa wakipakia matenga ya ndege wa kupelekwa ng'ambo, na huyu walimtupa kando kwa kuwa bawa lake moja lilikuwa limeganda ulimbo. Akabadilishana nao kwa betri mbili za redio. Mpaka hapo, ndugu zangu, hakuna baya. Sikudhani alimpokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akamwita Kijani.

Lakini Swalihu ana kasoro moja, na mwenyewe ameniruhusu niitaje. Miaka ile ilikuwa ya ruksa, madukani mmejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, naye aliuza redio na saa za ukutani. Kitu kikiingia kwake hakitulii mpaka watu wakione. Alinunua televisheni na deki ya video kabla ya mtaa mzima, akaziweka mkabala na mlango ili hata muuza maji azione. Basi kizimba cha Kijani nacho kikapandishwa juu ya kabati la vyombo, ubavuni mwa deki.

Siku mbili alimwacha apumzike. Ya tatu akaita wageni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema akicheka, na jembe la ndege likawa kusalimia watu. Kila jioni Swalihu alifungua mlango wa juu wa kizimba, akatumbukiza mkono, akamkamata Kijani na kumweka kwenye kidole cha mgeni. Ndege akiuma, alipigwa kidogo mdomoni. Wageni nao, kwa ukarimu wetu tunaoujua, hawakula peke yao. Huyu alimpa kipande cha sambusa, yule karanga za chumvi, mwingine akamnywesha chai ya maziwa kwa kijiko. Ninyi mnaocheka, jiulizeni kama hamkuwahi kumlazimisha mtoto wa watu amwimbie mgeni.

Wiki ya pili Kijani akanyamaza. Akashuka kwenye sakafu ya kizimba, manyoya yamemsimama kama mtu mwenye homa, choo chake maji matupu. Kifuani alianza kujinyonyoa mwenyewe mpaka ngozi ikaonekana.

"Baba Lulu, huyu anakufa," alisema Sikudhani.

"Anadeka tu. Ndege wa porini hajui adabu, atazoea."

"Mimi naona anakufa. Na akifa usiniletee mwingine."

Swalihu alikwenda dukani amenuna. Sikudhani naye akajitanda kanga, akashika njia ya Soko la Majengo kutafuta uwele. Muuza uwele pale alikuwa Mama Edina, mwanamke mtu mzima wa Chemba, aliyemaliza utoto wake shambani akiamia ndege kwa mawe na madebe. Hakuna aliyewalaani cherero kumzidi, na kwa hiyo hakuna aliyewajua kumzidi. Alipoelezwa habari alifunga gunia lake akaja.

Walimkuta Swalihu amerudi kula chakula cha mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu mtoe huyo ndege nimwone."

Swalihu akafungua mlango wa juu, akaingiza mkono. Kijani, aliyekuwa hana nguvu hata ya kusimama, alijirusha kwenye nyaya mpaka akajichubua.

"Toa mkono," alisema Mama Edina. "Mwewe akija shambani anatokea wapi?"

"Juu."

"Basi wewe ndiye mwewe wake. Kila jioni unakuja kumla, halafu humli. Atakuamini lini?"

Swalihu alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Mama Edina akaendelea kueleza bila kumwonea haya. Chumvi na mafuta vikome leo. Apewe uwele ungali kwenye suke, mchicha, na maji kwenye kisahani aoge mwenyewe. Ulimbo upakwe majivu laini usiendelee kunata, manyoya yaliyoganda yatapukutika na kuota mengine. Tena hawa ni ndege wa kundi, mmoja akitengwa na wenzake lazima apate wa kukaa naye.

"Wa kukaa naye, sio wa kumshikashika," aliongeza.

Hapo Sikudhani akasema jambo ambalo mumewe hajalisahau hadi leo.

"Nilipotoka Gulwe kuja kuolewa hapa, mama yako alitufungia mlango siku saba. Hata shangazi zako hawakuniona. Chakula kiliwekwa mlangoni, wewe ukanipakulia, na hukunisemesha mpaka nilipokusemesha mimi. Ndiyo maana niliacha kulia. Huyu umemtolea wageni siku ya tatu. Mpe fungate yake."

Swalihu aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mwanamke mgeni. Akakibeba kizimba mwenyewe mpaka chumba cha Lulu, wakakifunika kanga pande tatu, wakamwekea kijiti cha mkwaju badala ya waya. Kila baada ya sala ya alasiri alikwenda kuketi kando, akisoma gazeti kwa sauti ya chini, bila kumkodolea macho wala kumgusa.

Siku ya tano akaja Bwana Wambura, ofisa aliyekuwa akimletea wateja wengi wakati wa vikao vya Bunge. Alikuja na wenzake wawili.

"Swalihu, nimewasifia hawa yule kasuku wako. Mlete bwana, tuna dakika kumi tu."

Swalihu aliinuka. Nawaambieni, miguu yake ilikuwa imeshaamua. Alipofika mlango wa chumba akasikia ndani sauti ya punje zikipasuliwa, kra, kra. Kijani alikuwa anakula kwa hamu, mara ya kwanza tangu kuugua. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Akauondoa, akarudi sebuleni.

"Haonekani. Yumo kwenye fungate."

Wenzake Wambura waliangua kicheko. Wambura hakucheka. "Umeniangusha, bwana," alisema, akaacha chai nusu kikombe, wakaondoka. Swalihu aliketi uso ukimwaka, na mkewe akamwongezea chai.

Siku saba zikapita, na ndege hakufuata hesabu yetu. Alikula, choo kikakaza, kifua kikaota manyoya, lakini mkono hakuutaka. Swalihu aliuingiza kwa mlango wa ubavuni, umekunjuka, una suke la uwele, akauacha hapo mpaka bega likamuuma. Kijani akisogea nyuma, naye aliutoa taratibu. Mwezi ukaisha hivyo, na wa pili ukaanza.

Alasiri moja Kijani alishuka kijitini, akatembea mpaka kwenye kiganja, akapanda. Alikula punje tatu. Kisha, badala ya kurudi, akainama na kuanza kuchambua malaika, vile vinyweleo laini vya mkono wa Swalihu, kimoja kimoja, kama wanavyochambuana manyoya wenyewe kwa wenyewe. Sikudhani alikuwa mlangoni akitazama. Na Swalihu, mtu yule asiyeweza kununua hata saa bila kuita mtaa, hakumwita mtu yeyote.

Funzo

Ndugu zangu, kumwokoa kiumbe si ruhusa ya kumtia kwenye maonyesho. Anayeingia nyumbani mwako na hofu, awe ndege, awe mtoto wa kulea, awe mke wa mwanao, mlishe chakula chake mwenyewe, mpe kivuli, keti karibu naye na ungoje. Majirani watakucheka. Waache wacheke, kwani imani haikamatwi kwa mkono.