Rangi ya Kwanza ya Mlango

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo na kumtandikia bibi yake kitanda, Kasi alifunga kitambaa kichwani na kwenda zake shule ya zamani. Kasi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimpachika kwa sababu alikula upesi, aliandika upesi, na hata kuanguka alianguka upesi.

Shule hiyo haikuwa na wanafunzi tena. Paa lilivuja, na nusura jengo zima livunjwe pajengwe maduka. Watu wa mtaa walishikamana na Chama cha Majengo ya Kale, chama kinachotunza majengo yenye historia ya mji, wakalipigania mpaka likanusurika. Sasa lilikuwa likitengenezwa liwe maktaba. Shangazi yake Kasi alikuwa fundi wa rangi katika chama hicho, naye aliwaomba watoto waje kusaidia kazi ndogondogo.

"Bibi yangu alisomea humu," Kasi alimwambia kila aliyepita, akiona kama jengo ni la ukoo wao.

Siku hiyo kazi ilikuwa kwenye mlango mkubwa wa mbele. Ulikuwa umepakwa rangi juu ya rangi, miaka nenda miaka rudi. Chama kilitaka kuurudishia rangi yake ya kwanza, lakini hakuna aliyeijua. Hata bibi aliukuta wa kahawia.

"Njoo nikuonyeshe, mwanangu," Shangazi alisema, akampa kisu butu. "Unakwangua taratibu. Ukikuta rangi nyingine, unaiacha ionekane kidogo, kisha unaendelea mbele. Mwishowe utapata kama ngazi, kila kidato na rangi yake. Rangi inayogusa mbao ndiyo tunayoitafuta."

"Na kisu kikipita mpaka kwenye mbao, Shangazi?"

"Kisipite! Huko kwingine kote mlango umeliwa na jua na mvua. Ni hapa pembeni tu palipobaki pazima."

Shangazi akaenda kwenye kazi nyingine, naye Kasi akaanza vizuri. Kahawia ikatoka, ikaja kijivu. Kijivu ikatoka, ikaja nyeupe. Alikuwa akipuliza vumbi na kutazama kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Kumbe Kipaza, mvulana aliyepewa kusafisha dirisha la karibu na mlango, alikuwa akimtazama. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Jamani, mimi nimemaliza! Kasi bado yuko pale pale! Kuanzia leo tumwite Konokono!"

Watoto wakaangua kicheko. Masikio ya Kasi yakapata moto. Akakikaza kisu, akakwangua mara moja, mara ya pili, kwa nguvu. Alipopuliza vumbi, hakuona rangi. Aliona mbao tupu.

Akainama kutafuta chini, lakini vumbi lilikuwa limechanganyika, huwezi kujua lipi ni lipi. Pembeni palikuwa na kopo la rangi ya kijani, ya kupakia mabenchi. Akatazama huku, akatazama kule. Akachovya kijiti, akapaka kipande kidogo juu ya ile mbao, na kilipokauka akakisugua kwa vumbi kifanane na kitu cha zamani.

Shangazi alirudi mbiombio jioni. Kioo chake cha kukuzia alikuwa amemwazima fundi mwingine, basi akatazama kwa macho tu.

"Kijani!" akapiga makofi. "Mlango wetu ulikuwa wa kijani! Kasi, umetufungulia siri!"

Habari zikaenea mtaani. Mwenyekiti wa chama akampa mkono. Kipaza mwenyewe akasema, "Haya, Konokono nimelifuta." Bibi naye, kila jirani aliyepita alimsimamisha: "Rangi ya shule yetu imegunduliwa na mjukuu wangu!" Watu wakimsifu, Kasi alitazama vidole vyake vya miguu.

Jumamosi iliyofuata, fundi seremala alikuwa kivulini akikoroga ndoo nzima ya rangi ya kijani. Bibi alikuwa ameletewa kiti ashuhudie. Seremala akachovya brashi, akausogelea mlango.

"Usipake!" Kasi alipiga kelele.

Wote wakageuka. Brashi ikadondosha tone sakafuni.

"Una nini, mama?" Shangazi aliuliza.

Kasi akaunyooshea mlango kidole. "Si kijani, Shangazi. Ile kijani niliipaka mimi. Kisu kilipita. Niliona haya kusema." Machozi yakamshinda. "Rangi yenyewe siijui. Nimeipoteza."

Kasi hakuthubutu kumtazama bibi yake. Shangazi akachukua kioo cha kukuzia, akautazama mlango kwa muda mrefu, akashusha pumzi.

"Ni kweli. Nami nimekosea, sikutazama kwa kioo. Nilikuwa na haraka kama wewe." Akazungukazunguka mbele ya mlango, mikono kiunoni. Ghafla akasimama. "Fundi, hizi bawaba za chuma zimewahi kutolewa?"

"Bawaba hizi? Zimeota kutu kama meno ya fisi. Hazijaguswa tangu mlango ulipowekwa."

"Basi itoe moja. Taratibu!"

Seremala akatia mafuta, akangoja, akazungusha skrubu moja moja huku akiguna. Bawaba ikabanduka. Chini yake, mahali ambapo jua, mvua wala kisu havijawahi kufika, palikuwa na rangi ya manjano, kali na safi kama kiini cha yai.

"Manjano!" Kipaza akapayuka. "Mlango wa shule, manjano?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Nasi miaka yote tukidhani waliotutangulia walikuwa watu wa kununa!"

Shangazi akamshika Kasi bega. "Ungenyamaza, leo tungeupaka kijani, na watoto wa watoto wenu wangeamini ulikuwa kijani. Kukosea kwa kisu ni jambo la kila fundi. Hata mimi nina milango yangu. Lakini jengo halina mdomo, Kasi. Sisi ndio tunaolisemea. Anayelisemea lazima awe mtu wa kuaminika, na leo nimemwona."

Akamkabidhi brashi. Kasi akapaka upande wa chini, Kipaza akishika kopo bila neno, jambo ambalo watu walilishangaa kuliko mlango wenyewe. Wakaacha ule mraba mdogo uliokwanguliwa, na Shangazi akaufunika kwa kipande cha kioo.

Siku ya kufungua maktaba, mlango uling'aa hata aliye mwisho wa barabara akauona. Mtoto mdogo aliyeshikwa mkono na mama yake akaunyooshea kidole. "Dada, rangi hii ameichagua nani?"

"Hatukuichagua," Kasi alisema, kifua mbele. "Tuliikuta. Njoo, nikuonyeshe na mahali nilipoharibu."