Springi za Lori la Kwedizinga

Asubuhi ile Mhina, fundi wa magari wa shamba la mkonge hapo Korogwe, aliikuta Landrova imelalia nyuma, na hakuna aliyepakia hata gunia. Jana yake tu alikuwa ameiinua vidole vinne, ili magurudumu makubwa yaenee na gari livuke tope jeusi la Kang'ata.

Alipandwa na hasira. Kazi hii hakuitaka tangu mwanzo.

"Bwana, gari likirefuka litapinduka konani," alimwambia meneja.

Meneja akasema inua. Springi za kuongezea hazikuwapo, akaamuru zing'olewe kwenye lori la shamba lililopinduka Kwedizinga na kuua manamba tisa, vibarua wake wa mkonge. Kila Mzigua anajua kwamba chuma kilichomwaga damu hakirudi kazini bila tambiko. Mhina naye alijua, tena vizuri. Lakini dereva wa Landrova alikuwa Kudra, mdogo wake, naye alimcheka mbele ya watu: "Kaka, umezeeka, unaogopa vyuma?" Basi Mhina akavifunga kwa kumkomoa tu. Hasira, hasara.

Aliingiza jeki. Ikalia, gari lisinyanyuke. Chini yake ikatoka harufu ya mkonge uliooza, kisha kikohozi, kisha vikohozi vingi vya watu waliobanana.

"Kaka," Kudra alinong'ona kutoka kiti cha dereva, amejishika kifua, "kuna watu wamenikalia. Wananiambia twende, tumechelewa."

Bibi Mwatumu, mganga, akaitwa mbio. Alifukiza ubani, akatega sikio kwenye bodi.

"Hawa walifukiwa shimo moja bila sanda, kengele ya kazi ikapigwa," alisema kwa sauti ya chini. "Hawana haja na mbuzi. Wanataka mtu."

Kudra akateleza hadi chini, midomo imemgeuka rangi, na kila alipojaribu kuvuta pumzi vikohozi vile vilizidi, sasa vikitoka kinywani mwake yeye mwenyewe, vya wazee na vya vijana, kimoja juu ya kingine, mpaka Mhina akasahau woga, akalipiga gari teke.

"Hamna haya! Aliyewapakia kama mizigo mlimwogopa, aliyewanyima sanda mkamnyamazia, leo mnamkalia mtoto wa mama yangu? Mwenye makosa yule kule, nyumba ya bati, bado amelala. Nendeni!"

Gari likapanda ghafla. Kudra akavuta pumzi, akalia. Nyasi zikalala mstari mmoja kuelekea kwa meneja, wala hapakuwa na upepo.

"Mhina, umefanya nini?" Bibi Mwatumu alimgeukia. "Mimi nilikuja kuwafukuza, si kuwaelekeza."

Punde sauti ya meneja ikasikika dirishani: "Shukeni! Shukeni wote!" Ikakatika. Fransisko, mpishi wake, akaja mbio pekupeku.

"Fundi, njoo tusaidiane! Bwana hainuki, tumemvuta watu wanne!"

Mhina aliokota spana, akaingia chini ya gari.

"Ongezeni watu," alisema. "Mimi nina kazi."