Siku Fundi wa Gesi Alipobisha Hodi

Kila alfajiri mama alioka mikate, na binti yake wa darasa la sita aliipeleka madukani kabla ya kwenda shule. Asubuhi hii jiko lilikuwa baridi. Kampuni ilikuwa imekata gesi, na mama aliamua kwenda kulalamika kwenye mamlaka inayosimamia makampuni ya gesi na umeme. Binti alimfuata nyuma kwa hofu.

Mambo yalianza walipohamia nyumba ile. Gesi ilikuwa bado kwa jina la mpangaji wa zamani. Ili ihamishiwe kwa mama, fundi alipaswa kuja Jumamosi kukagua mita na bomba.

"Jumamosi naenda sokoni," mama alimwambia binti. "Usitoke! Fundi akibisha hodi, tazama kitambulisho chake, kisha mfungulie."

Jumamosi ilipofika, mama alipokata kona tu, marafiki wa binti wakamwita kuruka kamba. Akajiambia ataruka mara moja tu. Mara moja gani hiyo, jamani! Alirudi jua likiwa la utosi. Mama alipomuuliza, alijibu bila kupepesa macho, "Hakuja mtu, mama. Nilikaa hapa hapa." Ukaguzi haukufanyika, na kampuni ikakata gesi.

Sasa walikuwa ofisini. Ofisa wa mamlaka, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliketi katikati. Mbele yao walikuwa meneja wa kampuni na fundi mwenyewe, kijana mwembamba aliyeishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nilibisha hodi mpaka mkono ukauma," fundi alisema.

"Muongo huyo!" mama aliruka. "Mwanangu alikuwa ndani, na mwanangu hanidanganyi. Niko tayari kuapa!"

Meneja akamgeukia fundi. "Kama hukwenda, kazi huna."

Fundi aliikunja kofia yake. Binti alimtazama fundi, kisha mama yake. Akisema kweli, mama ataaibika mbele za watu, na huenda gesi isirudi tena. Akinyamaza, mtu atafukuzwa kazi kwa sababu yake.

"Mwanangu," ofisa aliuliza, "siku ile ulikuwa nyumbani?"

Aliwaogopa wote, na zaidi ya wote mama yake.

"Sikuwepo," akasema, akaangua kilio. "Nilitoka kucheza. Nilimdanganya mama."

Mama akajifunika uso kwa mtandio.

Ofisa akamgeukia meneja. "Fundi asipomkuta mteja, kanuni inawataka mumpigie simu na kupanga siku nyingine kabla ya kukata gesi. Mlimpigia?"

"Hapana," meneja alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi na nyinyi mmekosea. Fundi akakague leo hii, mama apate gesi kwa jina lake. Na kijana huyu aendelee na kazi yake."

Binti akamsogelea fundi. "Nisamehe, kaka."

Fundi akajipangusa macho, akacheka kidogo. "Haya, yameisha. Ningefukuzwa, ningekuja kuruka kamba na wewe."

Ofisa akamshika binti bega. "Sisi tunasikiliza pande zote ndipo tuamue. Tukidanganywa, tunamuumiza asiye na kosa. Na mama yako alikuwa tayari kuapa kwa neno lako. Siku nyingine ukiogopa, sema kweli huku ukiogopa."

"Twende," mama akasema, akimshika mkono. "Nyumbani tutaongea."

Binti akaogopa upya, ila sasa hakuwa na cha kuficha.