Aliyekimbia Nyuma ya Kamera

Harufu ya mafuta ya ngozi ilianzia jikoni, ikaizidi hata ile ya kabichi iliyokuwa ikichemka. Verdell akadhani ni viatu vya mtu. Kesho yake, mchana kweupe, mtu alikimbia ukutani.

Si nje ya ukuta. Ndani yake, nyuma ya kochi, akitokea kushoto. Alipofika katikati, pu, kama aliyejigonga mlangoni.

“Umeniletea nini humu?” Shangazi Odessa aliuliza kwa sauti ya chini. Nusu ya mji wa Birmingham ilimjua kwa chumvi na mizizi yake ya kufukuzia mizimu.

“Picha tu, Shangazi.”

“Picha tu. Digrii ya historia unayo, kazi huna, na sasa umetuletea mpangaji.”

Ilikuwa picha ndefu kama meza, timu ya besiboli ya watu weusi ya miaka ya 1920, ambayo Verdell aliiokota darini mwa nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Kamera za picha ndefu zilizunguka polepole, na mtundu wa timu alisimama kushoto, akapigwa picha, kisha akatimua mbio nyuma ya kamera akaiwahi kulia. Huyu alionekana kwenye ncha zote mbili, anacheka. Lakini Pruett, mnunuzi, alimtaka mrushaji mpira maarufu tu, wa upande wa kushoto. Kwa hiyo Verdell alikuwa ameikata picha katikati kwa mkasi, akavibandika vipande ukutani kimoja mbali na kingine vinyooke.

“Umemkatia njia,” Shangazi alinong’ona. “Vichome vyote.”

“Sichomi.”

“Verdell.”

“Hoteli ziliwafukuza, wakalala kwenye basi. Magazeti ya wazungu hayakujisumbua hata kuandika majina yao. Leo mimi niwachome kwa sababu mmoja ana kelele?”

Akakoroga gundi ya unga wa ngano, akaunganisha vipande kwa nyuma, huku mbio zikienda na kugonga, zikirudi na kugonga, na pumzi ya moto yenye tumbaku ikimpiga shingoni mpaka vinyweleo vikamsimama, naye hakugeuka. Alipoirudisha picha ukutani, njumu za viatu vya mkimbiaji zikapita katikati bila kugonga, zikafika kulia. Kimya.

Pruett akaja jioni.

“Haiuzwi,” Verdell alimwambia.

“Nimeendesha gari kutoka Atlanta, binti.”

“Basi njia ya kurudi unaijua.”

Pruett akacheka. Akainua simu, akaizungusha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, ajipatie nakala ya bure. Nyuma ya mgongo wake njumu zikatimua mbio. Alipotazama kioo cha simu, yule mtundu alikuwa amesimama kulia, nje ya picha, akimcheka; kicheko kikamkauka. Akatoka bila kuaga, na njumu zikamfuata ngazini. Mlango wa nyuma wa gari lake ukafunguka wenyewe, ukafungwa.

Ukutani timu ilikuwa imesimama palepale, ila ncha zote mbili zilikuwa tupu.

Shangazi akaenda kupiga komeo mlangoni.

“Uache wazi,” Verdell alisema. “Akimalizana na Pruett atarudi. Wenzake wapo hapa.”