Kilimi cha Habiba

Kila asubuhi Mzee Amadi alitoa kiti chake nje ya nyumba yake, katika mtaa wa Katuba, akanoa wembe. Alikuwa kinyozi. Baba yake pia alikuwa kinyozi, kule Kasongo, jimbo la Maniema. Wateja walikuja kwa ndevu, lakini wengi walikuja kwa maneno. Na mwaka ule wa 1962 maneno hayakupungua Lubumbashi. Jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga na nchi, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa mjini, na risasi zilikuwa zimelia mpaka karibu na nyumba za watu. Mzee Amadi alinyoa na kusikiliza. Akitaka kucheka, alikohoa kwanza.

Alikuwa na kazi nyingine. Ndani ya sanduku lake kulikuwa na kisu kidogo chenye ncha iliyopinda. Hicho hakikuwa cha ndevu. Kilikuwa cha kukatia kilimi, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Watu wake waliamini kwamba kilimi kikirefuka hugusa koo na kuleta kikohozi. Mtoto akikohoa sana, aliletwa kwa Mzee Amadi.

Sasa aliyekohoa alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Habiba, mtoto wa miaka mitano. Alikuwa amekonda. Usiku alitoka jasho mpaka nguo ikalowa. Akipewa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, alisukuma sahani.

Adija, mama yake, alimfungua kinywa mwangani.

"Baba, angalia. Kilimi yake ilivimba, iko nyekundu. Ukate tu, mutoto apumuzike."

Mzee Amadi alikitazama kisu, kisha akamtazama mjukuu. Alikuwa amekata watoto wa watu bila wasiwasi. Siku hiyo alimkumbuka mmoja aliyetoka damu mpaka jioni, na mkono wake ukakirudisha kisu sandukuni.

"Kesho, binti yangu," alisema. "Leo mukono yangu haiko muzuri."

Mkono ule ulikuwa na akili kuliko mwenyewe.

Jioni alikuja jirani yao Kasonde kunyolewa. Kasonde alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Alimkuta Adija anasugua kisu kwa majivu.

"Ile kisu ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Habiba, kaka Kasonde. Kilimi inamuletea kikohozi. Kesho baba atakata."

Kasonde aliketi, lakini hakuvua kofia.

"Mzee Amadi, mbele ya kukata, tuseme kidogo."

"Sema. Lakini usiniletee Kifaransa ya ku hopitali."

"Sitaleta. Mutoto akikohoa sana, koo inachoka, kilimi inavimba. Kikohozi njo inavimbisha kilimi. Kilimi haiko inaleta kikohozi."

"Mbuzi haina kilimi," mzee alijibu. "Mi nachinja mbuzi tangu zamani, sijaona hata moja. Na mbuzi anaishi. Ile kitu ni ya kazi gani?"

Kasonde alicheka. "Ni kweli. Lakini mbuzi anasema?"

Mzee akageukia wembe wake. Hoja ya mbuzi ilikuwa imemfaa miaka mingi.

"Ukisema, kilimi inasaidia sauti," Kasonde aliendelea. "Ukimeza, inapanda juu, inasaidia kufunga njia ya pua. Na ndani yake muko tufuko tudogo twa mate. Macho haiwezi kuona ile tufuko. Ile mate njo inalowesha koo. Mishipa ya damu pia iko mingi. Ukikata, mutoto anaweza kutoka damu mpaka afe."

"Basi kikohozi inatoka wapi?"

"Inaweza kutoka chini, mu mapafu. Kisu yako haifike kule." Kasonde alimsogelea mzee. "Baba, samahani. Fungua kinywa. Kilimi yako iko wapi?"

"Ilikatwa ku Kasongo. Nilikuwa mutoto."

"Na kikohozi?"

Mzee Amadi alitaka kujibu, akakohoa. Alikohoa mpaka akashika mlango. Adija aliweka kisu chini. Alikuwa amekizoea kikohozi cha baba yake kiasi kwamba hakukisikia tena.

Asubuhi wote wanne walipita vizuizi vya askari, wakafika hospitali. Kasonde aliomba makohozi ya mzee, akayaandaa. Kisha akamkalisha mbele ya darubini, chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho.

"Kwanza uone kinywa yako," alisema.

Kwa kijiti safi alikwangua polepole ndani ya shavu la mzee. Alipaka ute ule juu ya kioo, akatia rangi ya buluu. Mzee alifumba jicho moja, akatazama. Aliona vipande bapa, kila kimoja kina doa katikati.

"Ni nini hii?"

"Ni weye, Baba. Hizi njo seli. Mwili yote inajengwa na seli, kama nyumba na matofali. Ngozi ya ndani ya kinywa iko na tabaka mingi. Ukitafuna, seli za juu zinaanguka, zingine zinatoka chini, zinashika fasi yao. Ni vile mpaka mu njia ya kushukisha chakula."

"Na miye sisikie kitu!" Mzee alitabasamu. Alidhani kinywa anakijua.

Kasonde aliweka kioo cha pili. Hapo, katikati ya buluu, palikuwa na vijiti vyembamba vyekundu.

"Hizi haziko seli zako. Ni mikrobe, vidudu vya kifua kikuu. Ilitoka mu makohozi yako."

Mzee hakuinua kichwa. "Na mutoto?"

"Wakati ya masasi, risasi zikilia, mulilala wapi?"

Adija ndiye aliyejibu. "Sisi bote mu chumba moja. Tulifunga madirisha. Habiba alilala mu mikono ya babu yake."

"Mutu akikohoa, mikrobe inapita mu hewa," Kasonde alisema kwa upole.

Mzee Amadi alilia mbele ya binti yake, bila kujificha.

"Nilikuwa namukinga na masasi," alisema.

Daktari alimpiga Habiba picha ya kifua. Ugonjwa ulikuwamo. Babu na mjukuu wakaanza sindano na vidonge, na Adija naye akapimwa, akakutwa mzima. Daktari alisema tiba ni ndefu, na mgonjwa asiiache hata akijisikia amepona. Walifungua madirisha. Mzee alilala peke yake mpaka daktari aliporuhusu, na alikohoa kwenye kitambaa. Dawa ilimchosha, lakini hakuruka hata siku moja, kwa sababu Habiba alikuwa akimtazama.

Vita ilikwisha, na baadaye tiba nayo ikaisha. Habiba alinenepa. Alisema kutwa nzima, wateja wakakosa nafasi ya maneno yao.

Siku moja mama mmoja, Mwape, alileta mtoto anayekohoa.

"Mzee, unikatie huyu kilimi."

Mzee Amadi alifungua kinywa chake wazi. "Angalia mule. Unaona kilimi?"

"Hapana."

"Na mi nilikohoa mpaka karibu nikufe. Beba mutoto ku hopitali, leo hii."

Habiba alisogea mbele ya Mwape, akafungua kinywa chake hadi mwisho.

"Mi niko nayo!" alisema. "Na sikohoi tena!"